Witkiewicz na nyumba za mbao za Zakopane

Stanisław Witkiewicz hakusomea usanifu majengo. Alikuwa mchoraji na mhakiki wa sanaa, na kifua kikuu ndicho kilichomfanya ahamie kwenye hewa safi ya milima ya Tatra. Hata hivyo, mimi ninayebuni majengo ya mbao sijaona anayemzidi katika kuisoma kazi ya fundi seremala.

Alifika Zakopane, mji ulio chini ya milima hiyo kusini mwa Poland ya leo, mara ya kwanza mwaka 1886. Poland haikuwepo kwenye ramani: Urusi, Prussia na Austria zilikuwa zimeigawana, na Zakopane iliangukia Austria. Wageni wenye fedha walijijengea nyumba za mtindo wa Uswisi na Tirol, eneo la milima ya Alps. Hata shule ya uchongaji ya Zakopane ilifundisha nakshi za Alps. Witkiewicz alichukizwa, kwani wenyeji wa milima walikuwa na ujenzi wao uliokamilika.

Tazama ulivyo. Magogo ya miti ya jamii ya msonobari hupasuliwa kati, hulazwa moja juu ya jingine na kukatwa meno yanayoshikana kwenye pembe. Nyufa huzibwa kwa kamba za maranda. Msingi ni wa mawe, na paa huinama sana ili theluji iporomoke. Ukuta haupigwi plasta, hivyo kiungo chenyewe ndicho pambo. Nyumba hiyo ya wenyeji, yenye vyumba viwili, Witkiewicz aliikuza ikawa jumba: kwanza Koliba (1892–1893), kisha Pod Jedlami (1897), ninayoipenda zaidi, kwa jinsi mawe ya msingi yanavyoubeba mteremko mzima. Aliyechora ramani ni yeye. Waliojenga ni mafundi wa milimani.

Kanisa dogo la Jaszczurówka (1904–1907) linasema wazi alichokusudia: mtindo wa taifa lililokosa dola. Kwenye vioo vya rangi yumo Bikira Maria wa Częstochowa, Poland, na wa Ostra Brama, lango la mji wa Vilnius, Lithuania, pamoja na nembo za Poland na Lithuania. Yeye mwenyewe alizaliwa Lithuania mwaka 1851, na baada ya uasi wa 1863 dhidi ya Urusi familia yake ilipelekwa uhamishoni Siberia.

Alifariki 1915, miaka mitatu kabla Poland haijarudi. Mpwa wake Jan, msanifu aliyesomea, aliendeleza ujenzi unaofuata mila za mahali. Koliba sasa ni makumbusho. Ukifika, usianze na nakshi za milango, ambazo huigwa hata kwenye hoteli za zege. Anza na pembe za kuta.