Kompyuta ya zamani inapogoma kuwaka kwa flashi, soma kilichoandikwa kwenye kioo

"Fundi, nimeweka Windows kwenye flashi, mbona mashine haiioni?" Swali hili halinipiti wiki. Nikiichomeka flashi kwenye kompyuta yangu, mara nyingi naikuta ina faili moja kubwa la ISO (nakala ya diski nzima ya kusakinishia), limenakiliwa vilevile kama mtu anavyonakili nyimbo. Flashi ya hivyo haitawasha kompyuta ya kale hata ukiichomeka mpaka kesho, na sababu yake inafaa kujulikana, maana ukiijua hutahangaika kubahatisha.

Ninazozungumzia hapa ni zile za mezani za mtumba zilizojaa madukani, shuleni na kwenye steshenari: HP Compaq dc7800, Dell OptiPlex 755 na ndugu zao, zenye prosesa ya Core 2 Duo au Pentium 4 ndani. Zinaongozwa na BIOS ya mtindo wa zamani, yaani programu ndogo iliyo kwenye bodi inayoiamsha kompyuta, na BIOS hiyo haijui faili ni kitu gani. Ukibonyeza swichi inakagua RAM, kibodi na diski, kisha inakwenda kwenye kifaa cha kwanza katika foleni yake na kusoma sekta moja tu, ile ya mwanzo kabisa, yenye baiti 512. Baiti 446 za kwanza ni kijiprogramu, 64 zinazofuata ni jedwali la partisheni (migawanyo ya diski), na mbili za mwisho ni alama: 55 na AA. Ni bawabu asiyejua kusoma; anatazama muhuri, barua haimhusu. Muhuri ukiwepo, BIOS inaipandisha sekta ile kwenye RAM na kukiachia usukani kijiprogramu, ambacho kazi yake ni kutafuta kipande kinachofuata, na hicho kitafute kingine, hadi mfumo wenyewe uamke.

Ukinakili ISO kwa mkono, sekta ya kwanza ya flashi haiguswi. Ndiyo maana tunatumia programu kama Rufus, ambayo huiandika sekta hiyo na kupanga partisheni. Kwa mashine za umri huu, kwenye Rufus chagua MBR (mpangilio wa kale unaotumia sekta ile ya kwanza), si GPT (mpangilio mpya), na shabaha iwe BIOS, si UEFI iliyoirithi. Ukiacha GPT na UEFI, umetengeneza flashi safi kabisa kwa ajili ya kompyuta ya mtu mwingine. ISO nyingi za Linux zimeundwa ili ziandikwe moja kwa moja juu ya flashi, sekta kwa sekta, kwa hiyo amri ya dd ya Linux inatosha. Ila hakikisha mara mbili jina la diski unayoiandikia, maana dd haikuulizi kama una uhakika. ISO ya Windows ukiipiga kwa dd hivyohivyo, haitabuti, yaani haitawasha mashine.

Sasa tuje kwenye kioo, kwa sababu kila kasoro ina sura yake.

Sura ya kwanza: flashi isipoonekana kabisa kwenye menyu ya kubuti (F12 kwa Dell, F9 kwa HP za mezani), usianze kuilaumu Rufus. BIOS bado haijafika hata kwenye ile sekta. Zima mashine kabisa, chomeka flashi, ndipo uwashe. BIOS nyingi za zamani huhesabu vifaa mara moja tu, mwanzoni. Tumia matundu ya nyuma, yale yaliyo kwenye bodi yenyewe. Kama mtu aliongeza kadi ya USB 3.0 yenye matundu ya bluu, yaache: BIOS ya wakati ule haina namna ya kuongea nayo. Kisha ingia kwenye mipangilio uangalie kama Legacy USB (ruhusa ya BIOS kutumia vifaa vya USB) imewashwa. Ikiwa imezimwa, hata kibodi ya USB inaweza kuwa kimya mpaka mfumo uamke, ndiyo maana sijaitupa kibodi yangu ya kizamani yenye plagi ya mviringo.

Kuna mtego mmoja hapa unaowapoteza hata mafundi. BIOS nyingi huichukulia flashi kama diski kuu. Unatafuta neno USB kwenye foleni ya kubuti hulioni, kumbe flashi imekaa chini ya Hard Disk, kwenye orodha ndogo ya ndani inayoitwa Hard Disk Boot Priority. Ingia humo, ipandishe juu ya diski ya kompyuta, hifadhi, toka. Ukikuta USB-FDD, USB-ZIP na USB-HDD, anza na USB-HDD.

Sura ya pili ni kioo cheusi chenye kistari cheupe kinachopepesa kwenye pembe ya juu kushoto, au maneno Missing operating system. Hii naipokea kama habari njema. BIOS imeiona flashi, imeikuta alama, imekiachia usukani kijiprogramu, ila chenyewe hakikupata kipande kinachofuata. Hapo mara nyingi tatizo ni ukubwa au mpangilio wa flashi. Njia ya kale ya kuhesabu sekta, kwa silinda 1024, vichwa 255 na sekta 63, inafika takriban gigabaiti 8.4 na kukomea hapo. Faili la kubuti likiangukia ng'ambo ya mpaka huo, BIOS ya aina hiyo hailifikii. Kwa hiyo flashi ndogo ya 4 au 8 ni mali, usiitupe. Rufus nayo ina kisanduku cha marekebisho ya BIOS za zamani. Kitie tiki, andika flashi upya, jaribu tena.

Sura ya tatu: maandishi yanasema kernel (kiini cha mfumo) inahitaji prosesa ya x86-64 lakini imeona i686 tu. Flashi haina kosa lolote. Umeleta mfumo wa biti 64 kwenye prosesa ya biti 32. Core 2 Duo zote zinabeba biti 64. Core Duo, bila ile 2, hazibebi, na Pentium 4 inategemea ni ipi. Ubuntu iliacha kutoa ISO ya kawaida ya biti 32 tangu toleo la 17.10, na Debian imeacha kisakinishi chake kuanzia toleo la 13. Mimi kwa mashine za biti 32 naweka antiX, Linux nyepesi. Anayeniletea Core 2 Duo akitaka Windows 11 namwambia mapema: toleo la 24H2 linadai amri ya POPCNT, ambayo prosesa hiyo haina, na hakuna ujanja wa flashi utakaoiongeza.

Zipo pia kompyuta ambazo BIOS yake haibuti USB kwa namna yoyote. Kwa hizo kuna Plop Boot Manager: unaichoma kwenye CD, unabuti kwa CD, nayo inakuja na dereva wake wa USB na kuifungua flashi bila kuitegemea BIOS. Ila tundu likiwa ni la USB 1.1, kasi ya juu ni megabiti 12 kwa sekunde, kwa hiyo weka chai jikoni.

Kama foleni ya kubuti inajirudisha ilivyokuwa kila ukichomoa waya wa umeme, badilisha betri ya CR2032 kwenye bodi, ndiyo inayotunza mipangilio. Na kisakinishi cha Windows kikimaliza kunakili mafaili na mashine ikajiwasha upya, chomoa flashi au usibonyeze kitu pale kinapokuomba ubonyeze. Vinginevyo kitaanza usakinishaji tangu mwanzo.