Upasuaji wa ini kwa matundu madogo: vita vyenyewe ni vya damu

Mgonjwa akiambiwa kuwa uvimbe kwenye ini lake utatolewa kwa matundu madogo, mara nyingi huuliza kovu litakuwa na ukubwa gani. Kwetu wapasuaji kovu ni jambo la mwisho. Kinachotukosesha usingizi ni damu. Kila dakika ini hupitisha takribani lita moja na nusu, karibu robo ya damu yote inayosukumwa na moyo. Tumbo likiwa wazi, mshipa ukivuja unaubana kwa kidole. Kwenye matundu madogo, ambako kamera na vifaa vyembamba ndivyo vinavyoingia tumboni, kidole hakipo, na damu ikitapakaa mbele ya kamera huoni kitu.

Ndiyo maana utafiti mwingi wa fani hii unazunguka hapo hapo. Mwaka 1908 James Hogarth Pringle, mpasuaji wa Glasgow, alieleza namna ya kubana mishipa inayoleta damu kwenye ini. Mbinu hiyo bado tunaitumia: tunazungushia mishipa hiyo utepe, ncha zake tunazipitisha kwenye mrija, tunakaza kwa dakika 15, tunalegeza kwa dakika 5 ini lipate damu, kisha tunakaza tena. Ila utepe hauzuii damu ya veni, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, zinazotoka kwenye ini. Hapo kazi ni ya daktari wa usingizi, anayebana maji ya dripu ili presha ya veni ishuke. Gesi ya kabonidioksidi tunayojazia tumboni nayo huzikandamiza veni hizo. Lakini presha ya gesi ikipanda na ya veni ikashuka mno, gesi inaweza kupenya kwenye mshipa uliokatwa na kufika moyoni. Nafuu ni kwamba kabonidioksidi huyeyuka kwenye damu upesi kuliko hewa ya kawaida.

Kuna pia suala la kupapasa. Uvimbe uliojificha ndani mkono ungeuhisi. Sasa tunautafuta kwa kipimo cha ultrasaundi kinachowekwa juu ya ini lenyewe. Siku hizi tuna pia rangi ya indosianini, inayong'aa chini ya mwanga wa infraredi usioonekana kwa macho. Tunabana tawi la mshipa linalolisha kipande kinachotolewa, rangi inadungwa kwenye veni, na chini ya kamera ya infraredi ini lote linang'aa isipokuwa kipande hicho. Mpaka wa kukata unaonekana wazi.

Je, mgonjwa ananufaika? Jaribio la OSLO-COMET nchini Norwei liliwagawa kwa bahati nasibu wagonjwa 280 wenye saratani ya utumbo mpana iliyosambaa kwenye ini. Madhara baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 19 ya waliotobolewa matundu na asilimia 31 ya waliopasuliwa tumbo; kukaa hospitali kulikuwa saa 53 dhidi ya 96. Muda wa kuishi haukutofautiana.

Hao walikatwa vipande vidogo. Katika jaribio la ORANGE II PLUS, ambamo nusu ya ini iliondolewa, waliotobolewa walirejea hali ya kujimudu kwa siku 4, wenzao kwa siku 5. Tofauti ni siku moja tu, na mimi naona mgonjwa aelezwe hivyo hivyo bila kupambwa. Aelezwe pia kuwa fomu anayosaini inaruhusu tumbo kufunguliwa damu ikigoma kudhibitiwa. Mpasuaji anayefungua mapema, kabla mambo hayajaharibika, amefanya kazi yake.