Mwaka wa Pete na Viota Katika Mafunjo ya Dunga

Katika daftari langu la kazi mna ukurasa mmoja ambao nimeurudia mara nyingi mwaka huu. Ni wa asubuhi ya mwezi wa Machi, nilipomtoa wavuni tiva wa mafunjo, ndege mweusi mgongoni, mwekundu sana kifuani na mwenye utosi wa manjano, nikakuta tayari ana pete mguuni. Nilipofungua kurasa za nyuma niliiona namba yake kwa mwandiko wangu mwenyewe: nilikuwa nimemvisha mwezi wa Aprili uliotangulia, hatua zisizozidi hamsini kutoka pale tulipokutana tena. Nilifurahi kwamba yu hai. Lakini nilipokuwa nikipima bawa lake nilijua kwamba pete ile haiwezi kunijibu swali kubwa zaidi, nalo ni iwapo katika miezi hiyo yote alifaulu kulea hata kinda mmoja. Ni kwa sababu ya swali hilo kazi yetu Dunga ina sehemu mbili, pete na viota.

Kinamasi cha Dunga kiko kilomita chache kusini mwa mji wa Kisumu, kwenye ukingo wa Ghuba ya Winam. Mmea unaokitawala ni mafunjo, ambayo Wajaluo huyaita togo, na katika sehemu zilizokomaa hupita kimo cha mtu mara mbili. Wapo ndege kadhaa ambao maisha yao yamefungwa humo: tiva niliyemtaja, chiriku wa mafunjo, shoro wa manjano na jamaa zao wachache. Hawa si kama yangeyange, ambaye akifukuzwa kinamasini utamkuta malishoni akifuata ng'ombe. Mafunjo yakiondolewa, ndege hawa hawana pa kwenda. Watafiti waliolinganisha picha za angani na za setilaiti walikadiria kwamba kati ya 1969 na 2000 Dunga ilipoteza takriban nusu ya mafunjo yake, na vinamasi jirani vya Koguta na Kusa navyo vilipungua sana.

Nyavu tunazotumia ni nyembamba kama utando wa buibui, nyeusi, zenye urefu wa mita 12 na mikunjo minne inayolegea, hivi kwamba ndege akigonga wavu huangukia katika mkunjo na kulala humo kama aliye katika machela. Tunazifungua kabla hakujapambazuka, tunazikagua kila baada ya dakika 20, na ifikapo saa nne asubuhi, jua la Kisumu linapoanza kuwa kali, tunazifunga hata kama ndege bado wanaingia. Hakuna anayeruhusiwa kuzitandaza bila mafunzo na kibali, na ninaona ni haki iwe hivyo, kwa maana mkono usiozoea unaweza kumvunja ndege mguu kwa kuvuta uzi mmoja usiofaa kuvutwa. Ndege hutiwa katika mfuko wa kitambaa, akaletwa mezani, akavishwa pete nyepesi ya metali yenye namba isiyorudiwa. Kimsingi ni kazi ile ile aliyoianza Hans Christian Mortensen, mwalimu wa huko Viborg, Denmark, mwaka wa 1899, alipowavisha kwezi pete za alumini alizoziandika namba na anwani.

Baada ya pete hufuata vipimo: urefu wa bawa, uzito, hatua ya kubadilisha manyoya, na mafuta. Mafuta huonekana kwa macho. Ukipuliza manyoya ya chini ya koo polepole, ngozi ya ndege ni angavu, na ikiwa ana akiba utaona rangi ya manjano imejaa katika bonde la kifua. Hapo hapo, tumboni, ndipo ninapotafuta alama ninayoithamini kuliko zote, yaani kiraka cha kuatamia. Ndege anapokaribia kulalia mayai, manyoya ya tumbo hudondoka na ngozi huvimba na kujaa damu ili joto la mwili liyafikie mayai moja kwa moja. Ndege mwenye kiraka kibichi tunamhudumia kwanza na kumwachilia haraka, kwa sababu mahali fulani karibu yapo mayai yanayopoa.

Kuanzia Novemba nyavu hupata wageni. Shoro wa matete, mdogo, mwenye mstari mweupe juu ya jicho, huja kutoka Ulaya na magharibi mwa Asia akiwa na uzito wa gramu 11 au 12 hivi. Hukaa nasi akibadilisha manyoya yake ya kurukia, na kabla ya kuondoka mwezi wa Aprili hula wadudu mpaka wengine wakakaribia gramu 20. Jambo hilo limenifunza kutokidharau kinamasi hata katika miezi ambayo hakuna kiota kinachoonekana, kwa kuwa safari ya kuvuka Sahara huandaliwa humu. Kuhusu wahamiaji nchini Kenya, kazi kubwa zaidi imefanyika Ngulia, katika Tsavo Magharibi, ambako tangu 1969 ndege wanaosafiri usiku huvutwa na taa penye ukungu na kuvishwa pete kwa wingi. Dunga haifanani na Ngulia. Hapa tunavuna wachache, na kubwa kwetu ni kuwakuta wale wale tena.

Sasa viota, ambavyo ndivyo vilivyonichukulia muda mwingi zaidi. Kadi ya kiota ina mambo machache: aina ya ndege, mahali, kimo juu ya maji, tarehe ya kila ziara, idadi ya mayai au makinda, na hatima. Kuijaza vizuri ndiyo shida. Ukikaribia sana unaacha njia ya majani yaliyolala, na kenge huifuata kama aliyechorewa ramani. Kwa hiyo tunatazama kwa kioo kilichofungwa kwenye ufito, hatukai zaidi ya dakika moja, tunapita kiotani na kuendelea mbele badala ya kurudi tulikotoka, na makinda yakishaota manyoya hatuyasogelei tena, kwa sababu yakishtuka huruka kabla ya wakati na kuzama.

Kwera, ndege wafumaji, walitupa kadi nyingi kuliko wengine, na pia walitudanganya kuliko wengine. Dume hufuma kiota cha kijani, akaning'inia chini yake akipigapiga mabawa, na jike huja kukagua. Asipokipenda, kiota hubaki bure, na mara nyingi dume hukibomoa mwenyewe. Msaidizi mgeni akiona viota thelathini juu ya mafunjo ataandika thelathini, ilhali vyenye mayai huenda ni vichache sana. Dalili ni matandiko: jike aliyekubali hutandika ndani majani laini na manyoya. Humo humo kekeo naye huingia kisiri na kutaga yai lake, ambalo mara nyingi hufanana sana na mayai ya mwenyeji. Na kwa sepoe, anayetaga juu ya mimea inayoelea, ilinibidi kumkumbusha kila msaidizi asiandike "jike" kwa mazoea, maana anayeatamia na kulea ni dume.

Ugumu mkubwa hauko kinamasini bali mezani, wakati wa kuhesabu. Tuseme tumefuatilia viota 20, na vinane vikaharibika. Mtu atasema kwamba 12 kati ya 20 vimefaulu, yaani asilimia 60. Hesabu hiyo hupotosha, kwa sababu viota vingi tunaviona vikiwa tayari vina mayai ya siku kadhaa, na vilivyoharibika mapema hatukuviona kamwe. Mwaka wa 1961 Harold Mayfield, Mmarekani, alieleza njia iliyo bora: hesabu siku ambazo kila kiota kilikuwa chini ya macho yako. Ikiwa viota vile 20 vilitazamwa kwa jumla ya siku 200 na vinane vikapotea, basi kila siku kiota kina hatari ya 0.04 ya kupotea na nafasi ya 0.96 ya kuiona kesho. Ikiwa kutoka yai mpaka kinda kuruka ni siku 26, zidisha 0.96 kwa yenyewe mara 26, utapata takriban 0.35. Asilimia 60 imekuwa 35. Natumia mfano huu kila ninapowafundisha vijana, na kila mara ukimya huwaingia, kwa kuwa wanaona jinsi kinamasi chenye ndege wengi kinavyoweza kuwa kinawapoteza watoto wake bila mtu kutambua.

Mwaka huu sababu zilizotuumiza zaidi zilikuwa mbili. Ya kwanza ni maji. Wakazi wa Dunga wanaikumbuka Mei 2020, ziwa lilipopanda kupita hata kiwango cha 1964, na tangu hapo hakuna anayeuamini ukingo kama zamani. Mvua za masika zilipokuja kwa nguvu, viota vilivyofumwa chini vilizamishwa, baadhi vikiwa na mayai ambayo siku mbili kabla nilikuwa nimeyaona makavu na yenye joto. Ya pili ni panga. Mafunjo hukatwa kwa ajili ya mikeka, vikapu na mapaa, na wanaoyakata ni majirani zetu. Siku moja nilimkuta mama mmoja akifunga mzigo wake karibu kabisa na kiota tulichokuwa tukikifuatilia.

"Mama, shikamoo. Hapo pana makinda," nilimwambia.

"Marahaba, mwalimu," alinijibu huku akiweka panga chini. "Mimi sina ugomvi na ndege. Lakini togo nisipolikata, nyumbani hakuna chakula. Wewe niambie tu niache upande gani, na niuache mpaka lini."

Sijapata kuulizwa swali la kitaalamu lililo bora kuliko hilo, na niliona aibu kwamba sikuwa na jibu kamili. Mafunjo yaliyokatwa huchipua tena kutoka kwenye mizizi, kwa hiyo kukata si sawa na kung'oa au kuchoma. Chiriku wanaweza kuonekana kwenye sehemu zinazochipua, ilhali tiva hupenda zilizokomaa na kusongamana. Lakini kadi zetu hazikuwa na mahali pa kuandika umri wa mafunjo yaliyobeba kiota, na bila umri huo siwezi kumwambia mama yule mpaka lini. Kwa muda tulikubaliana naye na wenzake waache ukanda mmoja upande wa ziwani hadi mwisho wa Juni, na waliuacha.

Yule tiva wa Machi alionekana katika ukanda huo mara mbili kwa darubini, pete ikimeta, mara ya pili akiwa na kiwavi mdomoni. Ndege anayebeba chakula bila kukila ana kinda mahali fulani. Sikumfuata, kwa sababu mafunjo pale yamesongamana na njia ambayo ningeikata ingemfaa kenge kuliko mimi, na katika safu ya hatima nimeandika "haijulikani". Kadi za mwaka ujao zimeshapigwa chapa, na zina safu mpya yenye maneno matatu: tarehe ya kukatwa.