Je, wajua kwa nini taa za breki zinaweza kuzima kruzi kontroli?

Umebadilisha balbu za taa za breki, ukaweka za LED. Zinawaka vizuri, lakini tangu siku hiyo kruzi kontroli, mfumo wa kushika mwendo wa gari, haishiki. Unabonyeza kitufe cha kuweka mwendo, kimya. Kuna mafundi watakaokwambia papo hapo kwamba kompyuta imeungua. Usinunue kompyuta kabla ya kupima waya mmoja.

Kruzi hushika mwendo uliouchagua bila mguu wako kukanyaga mafuta. Ralph Teetor, mhandisi Mmarekani aliyekuwa kipofu tangu utotoni, alipata hataza ya kifaa cha namna hiyo mwaka 1950, na Chrysler ikaanza kukiuza kwenye magari yake ya modeli za 1958. Kinachoweza kuua katika mfumo huu ni gari kuendelea kuvuta wakati dereva anataka kusimama. Kwa hiyo kruzi hutengenezwa ikatae kazi ikiwa na shaka yoyote kuhusu breki. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ubovu ni kukataa huko.

Juu ya pedali ya breki kuna swichi. Ukikanyaga, swichi hupeleka moto, yaani umeme, wa volti 12 kwenye taa za nyuma, na kruzi, ambayo imeungwa kwenye waya huohuo, huachia mara moja. Lakini je, waya huo ukikatika? Kruzi haitaona moto hata ukikanyaga kwa nguvu zote. Ndiyo maana katika magari mengi ya zamani kruzi hudai uthibitisho zaidi: breki ikiwa haijakanyagwa, waya lazima uwe na njia ya kufika kwenye bodi la gari kupitia uzi wa balbu. Uzi baridi wa balbu hupitisha umeme kwa urahisi mno, hivyo kruzi ikiiona njia hiyo hujua kwamba waya ni mzima. LED haipitishi umeme mdogo namna hiyo. Balbu zote zikiungua, au muunganisho wa taa na bodi ukila kutu, njia inapotea vilevile, na kruzi inachukulia kwamba breki imekanyagwa. Mimi naona huu ni uhandisi mzuri sana, balbu ya kawaida kufanywa mlinzi wa waya.

Kupima ni rahisi. Pedali ikiwa huru, weka mita kwenye omu (kipimo cha ukinzani wa umeme), kati ya waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye taa na bodi la gari. Kwa balbu za uzi utasoma omu chache tu au chini ya moja. Mita ikionyesha njia imekatika, tatizo umelipata. Rudisha balbu moja ya uzi, au funga rizista (kikinza umeme) inayofaa kati ya waya huo na bodi, mahali penye chuma, kwa sababu rizista hupata joto kali breki inapokanyagwa.

Magari mapya zaidi hayategemei balbu. Swichi yao ina njia mbili, moja hufunga wakati nyingine inafungua, na kompyuta huzilinganisha. Zisipokubaliana kama breki imekanyagwa au la, kruzi inazimwa ingawa taa za breki zinawaka kama kawaida. Mashine ya kusoma hitilafu ikitoa namba P0504 au P0571, anza na swichi hiyo. Mara nyingine imesogea tu na inahitaji kurekebishwa.

Ukikuta breki haina tatizo, hamia kwenye usukani. Vitufe vyake kwa kawaida hutumia waya mmoja, kila kitufe kina kiwango chake cha omu, na uchafu ukiongeza omu kompyuta haijui umebonyeza nini. Nyuma ya usukani kuna utepe wa nyaya unaojikunja na kujikunjua unapokata kona. Honi ikifa pamoja na kruzi, na taa ya eabagi (mfuko wa hewa wa usalama) ikiwaka, shuku utepe huo. Hapo usiguse kitu kabla ya kuchomoa betri na kusubiri dakika kadhaa, kwani eabagi inaweza kulipuka usoni.

Zinabaki fyuzi na sensa ya mwendo, ambayo namba yake ya kawaida ya hitilafu ni P0500. Fyuzi ikiungua tena na tena, tafuta shoti. Usiweke fyuzi kubwa zaidi. Hatari ya moto ni ya kweli: Ford ilirudisha gereji magari zaidi ya milioni 14 kati ya 1999 na 2009 kwa sababu swichi ya kruzi iliweza kuvujisha mafuta ya breki hadi kwenye sehemu ya umeme na kuwasha moto, hata gari likiwa limezimwa.

Ukishamaliza kutengeneza, nenda barabara tupu, weka mwendo, kisha gusa breki kidogo tu. Kruzi iachie hapohapo, kabla gari halijaanza kupunguza mwendo kwa breki yenyewe. Isipoachia, chomoa fyuzi yake na urudi kwenye swichi ya pedali.