Tiba ipi ya kisaikolojia ni bora? Niambie kwanza unaumwa nini

Watu wanaotafuta msaada huniuliza: kati ya tiba zote za mazungumzo, ipi ndiyo bora? Nami huwauliza: bora kwa ugonjwa gani?

Mwaka 1977 watafiti Mary Lee Smith na Gene Glass walichambua kwa pamoja tafiti 375 za tiba hizi. Waliona kwamba mtu wa wastani aliyepata tiba alikuwa na hali nzuri kuliko asilimia 75 ya wale ambao hawakutibiwa. Walipozipambanisha tiba zenyewe, tofauti zikawa ndogo mno. Tangu hapo wapo wataalamu wanaoshikilia kwamba tiba zote ni sawa, alimradi mgonjwa amwamini anayemtibu.

Kwenye sonona, yaani huzuni nzito inayomnyima mtu hamu ya maisha, wana hoja nzito. Utafiti ninaourudia zaidi ni wa mwanasaikolojia Neil Jacobson na wenzake, wa mwaka 1996. Waliichukua tiba ya fikra na tabia iliyoasisiwa na daktari wa akili Aaron Beck, wakaitenganisha vipande. Wagonjwa 150 waligawanywa makundi matatu kwa bahati nasibu. Wa kwanza walisaidiwa tu kurudia shughuli walizoziacha: kutoka nje, kuonana na watu, kumaliza kazi zilizolala. Wa pili waliongezewa kuyahoji mawazo mabaya yanayowajia. Wa tatu walipata tiba nzima, pamoja na kuzichimbua imani za ndani kabisa. Makundi yote matatu yalipata nafuu inayolingana! Kwangu hili ni jambo kubwa, kwa sababu kipande kile cha shughuli ni rahisi kufundishika. Mwaka 2016 utafiti wa Uingereza wenye wagonjwa 440 ulionyesha kuwa hata wahudumu wa ngazi ya chini wanaweza kukitoa, na matokeo yake hayakuwa duni kuliko ya wataalamu waliotoa tiba ya fikra na tabia. Gharama pia ilikuwa ndogo.

Ila usawa huo una mpaka. Mtu anayenawa mikono mpaka ngozi inachubuka, kwa hofu ya uchafu asioweza kuuondoa akilini, hatapona kwa kusikilizwa kwa upole peke yake. Anahitaji kuusogelea uchafu anaouogopa, hatua kwa hatua, kisha ajizuie kunawa mpaka hofu ishuke yenyewe. Mwanasaikolojia Victor Meyer alieleza njia hii mwaka 1966, na hadi leo ndiyo tiba ya mazungumzo yenye ushahidi mzito zaidi kwa ugonjwa huo.

Na zipo njia zinazoweza kudhuru. Kumketisha manusura wa ajali mara tu baada ya tukio, kikao kimoja, asimulie kila kitu, hakuzuii kiwewe. Katika baadhi ya tafiti waliofanyiwa hivyo walibaki na hali mbaya zaidi.

Kwa hiyo ukisoma kwamba tiba fulani "imethibitishwa", angalia ililinganishwa na nini. Kuwashinda watu waliokuwa wakisubiri tu zamu ya kutibiwa si sawa na kuishinda tiba nyingine. Angalia pia nani aliyefanya utafiti, kwani mara nyingi tiba inayoibuka mshindi ndiyo ile mtafiti mwenyewe anayoiamini.