Super ya Petroli Steshoni Si Avgas

Nimeulizwa tena: "Fundi, magari Kenya yaliacha petroli yenye risasi, ile metali ya sumu, tangu 2006, nyinyi wa ndege mwangoja nini? Si mtie super?" Jamani, nisikilizeni hadi mwisho.

Ndege kubwa zinazotua uwanja wa Moi hazimo kwenye hadithi hii. Zinachoma Jet A-1, mafuta ya jamii ya mafuta ya taa, haina risasi. Nasema injini za pistoni, Cessna 172, 206 na wenzake, zinazotumia avgas, yaani petroli ya ndege, aina ya 100LL ya buluu. Mle mna risasi hadi gramu 0.56 kwa lita. Ni sumu, na mimi ninayeikwangua kwenye plagi naitakia mwisho wa haraka.

Sasa oktani, yaani uwezo wa mafuta kustahimili mgandamizo bila kujilipukia, maana hapa ndipo watu wananichosha. "Super ni 95, avgas ni 100, tofauti tano tu." Si tano! Oktani ina vipimo viwili. Ile 95 ni RON, kipimo chepesi. Ile 100 ya avgas ni MON, kipimo kikali zaidi: injini ya majaribio huzungushwa mara 900 kwa dakika badala ya 600, na mchanganyiko hupashwa moto kabla ya kuingia silindani. Petroli ya RON 95 ukiipima hivyo hupata kama 85. Tofauti ni kumi na tano. Injini yenye mgandamizo mkubwa, inayopozwa kwa upepo, ikipanda kwa nguvu zote, mafuta hayo hujilipukia kabla moto wa plagi haujayafikia. Pistoni hutoboka.

Ongeza joto letu la pwani: petroli ya gari huvukiza upesi, mvuke ukaziba njia ya mafuta. Ethanoli ikiwemo, hula sehemu za mpira. Rotax 912, injini ya ndege nyepesi, ni habari nyingine, iliundwa ikikubali petroli isiyo na risasi.

Mbadala halisi upo. FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, iliidhinisha G100UL, avgas isiyo na risasi, mnamo Septemba 2022. Lakini wasiwasi ninao. Chuo Kikuu cha North Dakota kilihamia 94UL, avgas nyingine isiyo na risasi, mwaka 2023, kikarudi 100LL mwaka huohuo baada ya kukuta viti vya valvu za ekzosi vinalika. Mafuta hayo yalikuwa na idhini kwa injini zile, oktani ikitosha. Tangu hapo siamini tena kwamba risasi ilikuwa na kazi moja tu, ya kupandisha oktani.

Basi mwenye ndege anayetaka kuhama aje na idhini ya modeli ya injini na ya mwili wa ndege, zote mbili. Tutapima valvu kwanza, tangi baadaye.