Bei ya umeme Lubumbashi: yanayosemwa mtaani na ukweli wake

Bei ya umeme haipangwi na kijana anayeleta faktire, yaani bili. Katika komini za Lubumbashi kama Katuba, Kenya na Ruashi hasira humwangukia yeye, naye hana uwezo wa kupunguza hata faranga moja. Sheria nambari 14/011 ya tarehe 17 Juni 2014 ilifungua sekta ya umeme Kongo kwa wawekezaji wengine, SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, ikakoma kuwa peke yake, na sheria hiyohiyo ikaanzisha mamlaka ya udhibiti, ARE. Kampuni ikitaka bei mpya, hutoa hesabu zake, ARE huzichunguza, kisha bei hupata nguvu kwa amri ya mawaziri wanaosimamia umeme na uchumi. Kwa hiyo bei ni hesabu, na hesabu hukaguliwa. Sisi tunaolipa tunapaswa kujua kilichomo ndani yake.

“Udhibiti ni serikali kushusha bei.”

Hapana. Mdhibiti anaweza hata kuruhusu bei ipande. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1877, katika kesi ya Munn dhidi ya Illinois, Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba jimbo linaweza kuweka kikomo cha ada za maghala ya nafaka ya Chicago, kwa kuwa biashara ile iligusa maslahi ya umma. Mwaka 1944, katika kesi ya kampuni ya gesi ya Hope, mahakama hiyo ilisema bei ipimwe kwa matokeo yake: mteja asinyonywe, na kampuni ipate cha kuiwezesha kufanya kazi na kuvutia mtaji. Ndiyo maana hesabu ya bei huwa na sehemu nne: gharama za kuendesha kazi, uchakavu wa mitambo, kodi, na faida ya kiasi juu ya mtaji uliowekezwa. Kazi ya mdhibiti ni kukagua kila sehemu: je, gharama hii ilihitajika? Je, mtaji huu uliwekwa kweli?

“Bei ikishaidhinishwa, faktire yangu ni halali.”

Hapa ndipo penye uzito kwetu. Kinachoidhinishwa ni bei ya kilowati-saa moja. Lakini nyumba nyingi za Lubumbashi hazina mita, na mwenye nyumba hulipa kwa forfe, yaani kiasi kilekile kila mwezi. Kilowati-saa ngapi zimeingia, hakuna aliyezipima. Delestaji, yaani mgao wa umeme, ikikata umeme wiki mbili, forfe haishuki yenyewe. Maana yake ni kwamba bei halisi ya kilowati-saa moja imepanda mara mbili bila waziri yeyote kutia sahihi.

Ninalisema hili kwa uchungu, kwa sababu watu hupigania bei huku wakisahau kipimo. Udhibiti wa bei bila mita unadhibiti karatasi tu. Mita ya kulipia kabla si zawadi ya kampuni kwa mteja. Ndiyo chombo pekee kinachomwezesha raia wa kawaida kuhakiki kwamba amelipishwa bei iliyotangazwa. Anayeiogopa kwa sababu “inakula pesa haraka” afikirie kwanza: bila mita, anajuaje alichokula?

“Kabini tuliyonunua kwa michango ni sadaka yetu kwa kampuni.”

Kila anayeishi hapa anajua mambo haya. Transfoma ya kabini, yaani kituo kidogo cha umeme cha mtaa, inaungua, avenu nzima inakaa gizani, wakaaji wanachanga, wananunua kifaa na nyaya. Kisha vinaunganishwa kwenye mtandao na habari inaishia hapo. Katika udhibiti wa Marekani, na wa nchi nyingine nyingi, mali iliyolipiwa na wateja huondolewa kwenye mtaji ambao kampuni inaruhusiwa kuutafutia faida. Sababu ni rahisi: ikihesabiwa, mteja atalipia transfoma ileile mara mbili, kwanza kwa mchango na baadaye ndani ya bei. Kwa hiyo mkichanga, andikeni. Wekeni risiti, majina ya waliotoa, tarehe, na barua iliyopigwa muhuri wa kampuni kwamba imepokea kifaa. Bila karatasi, hakuna mkaguzi atakayejua kwamba pesa ile ilitoka Katuba.

“Inga ni maji ya Mungu, umeme wake ungekuwa wa bure.”

Maji ya mto Kongo yanayozungusha mitambo ya bwawa la Inga hayalipishwi kwa kupita, ni kweli. Lakini Inga I ilianza mwaka 1972 na Inga II mwaka 1982, na ili umeme ufike Katanga ilijengwa laini ya takriban kilomita 1,700 hadi Kolwezi. Nguzo, nyaya, mitambo iliyozeeka na deni la ujenzi ndivyo vinavyogharimu. Bwawa lisipotunzwa, mashine zinasimama, maji yakipita bure vilevile.

“Kampuni za madini zinachukua umeme wetu bila kulipa.”

Zinalipa, kwa bei ya msongo mkubwa, na baadhi hununua umeme wa nje kupitia Zambia. Nyingine zimetoa fedha za ukarabati: kampuni ya madini ya Ivanhoe na washirika wake wa mgodi wa shaba wa Kamoa waligharamia kukifufua kituo cha umeme wa maji cha Mwadingusha, kisha mashine ya tano ya Inga II yenye megawati 178. Fedha hizo ni mkopo kwa SNEL, na hurudishwa kwa kupunguzwa katika faktire za umeme za mgodi. Hapo ndipo swali la haki lilipo. Mgodi unapata kipaumbele gani, na komini kama Kampemba inabaki na megawati ngapi? Swali hilo lina jibu la takwimu, na raia ana haki ya kulidai.

“Waje wengi washindane, bei itashuka yenyewe.”

Katika kuzalisha, ushindani unawezekana. Katika kusambaza, nani atapanda safu mbili za nguzo kwenye avenu moja? Hata Samuel Insull, mkuu wa kampuni ya umeme ya Chicago, aliomba udhibiti wa serikali mwaka 1898, naye alikuwa mfanyabiashara. New York na Wisconsin ziliunda tume zao za udhibiti mwaka 1907. Goma kuna wauzaji binafsi, Virunga na Nuru, nao pia wamo chini ya sheria ya 2014.

“Bei ya chini kwa wote ndiyo inamlinda maskini.”

Kongo, takriban mtu mmoja kati ya watano ndiye mwenye umeme. Anayepika kwa makala, yaani makaa, na kuwasha mshumaa hanufaiki na bei nafuu ya umeme asiokuwa nao, na bei isiyofikia gharama humnyima umeme wenyewe kwa sababu kampuni haiwezi kurefusha laini hadi kwake. Tanzania imechagua njia nyingine: wateja wa kundi la D1, wasiozidi yuniti (kilowati-saa) 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa yuniti kabla ya kodi, na wanaotumia zaidi hulipa zaidi. Lakini hata mpango huo unategemea mita, kwani kwa forfe nyumba ya taa tatu na nyumba ya friji mbili zinaweza kuandikiwa faktire ileile.